Stika inasema 19, mume wangu anasema bado: tubadilishe lini mkanda wa taimingi?

Shikamoo fundi,

Mimi ni msomaji wako wa Kihonda, Morogoro. Nauza vitenge, mume wangu ni mwalimu, tuna watoto watatu. Mwezi wa nane tulinunua gari letu la kwanza, Toyota Hilux Surf ya mwaka 1998, dizeli, injini 1KZ-TE, otomatiki. Aliyetuuzia ni mfanyabiashara wa mpunga aliyekuwa akilitumia kwenda Ifakara na Malinyi, na yeye alilinunua kwa mtu mwingine. Kadi inaonyesha lilisajiliwa hapa nchini 2011.

Kabla ya kulipa nilimuuliza kuhusu mkanda wa taimingi, maana dada yangu wa Dodoma alikatikiwa na mkanda, injini ikafunguliwa yote, na mpaka leo gari lake limelala uani. Muuzaji akajibu, “Huo ulishabadilishwa mama, msiwe na wasiwasi.” Nikaomba risiti, hana. Nikaomba namba ya fundi aliyeubadilisha, akasema alishahama mji.

Tulipolifikisha nyumbani tukalipeleka kumwaga oili. Fundi alipofunua boneti nikaona kwenye kava la mbele la injini kuna stika iliyofifia, maandishi ya Kijapani, ila namba zinasomeka: 19.6.11, na chini yake 98,400 km. Dashibodi yetu leo inasoma 143,000. Mume wangu akapiga hesabu palepale: ulibadilishwa 2019, umetembea kilomita 44,600, mkanda wa gari hili unakwenda laki moja, kwa hiyo bado tuna 55,400. Akasema mjadala umefungwa.

Kwangu haujafungwa, kwa sababu nimeuliza mafundi watatu na kila mmoja ana lake. Wa kwanza anasema tusihangaike, gari hili lina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, siku ikiwaka ndipo tubadilishe. Wa pili anasema afungue kava autazame mkanda, ukiwa hauna nyufa tuendelee nao. Wa tatu anasema tubadilishe leo leo, mkanda, tensheni (kile kinachoukaza mkanda), sili na wata pampu, na akataja shilingi 650,000 pamoja na ufundi. Sijui kama ananisaidia au ananitafutia hela.

Tuna 700,000 tuliyoiweka kidogo kidogo. Mume wangu anataka tushone upya viti, maana vimechanika kweli, tuweke na redio, kitakachobaki kiingie kwenye ada za Januari. Tarehe 15 Desemba tunaondoka kwenda Songea kwa wazazi wake, sisi watano na mama yangu mzazi, yaani watu sita. Gari linawaka vizuri, halitoi moshi wala mlio wowote. Mume wangu anauliza kwa nini tuguse kitu kizima. Sina jibu la kumpa, ila moyo wangu hautulii. Nisaidie fundi.

Msomaji, Kihonda

*

Marahaba dada yangu, na hongereni kwa gari.

Jibu langu ni kwamba mbadilishe mkanda huo sasa, kabla ya Songea. Nashukuru umeandika barua yenye tarehe na kilomita, kwa sababu ushahidi wote ninaouhitaji umo humo humo, na mkubwa kuliko wote ni ile stika.

Gereji za Japani zikibadilisha mkanda wa taimingi zina desturi ya kubandika stika kwenye injini yenye tarehe na kilomita za siku ile, ili fundi atakayefuata asibahatishe. Natamani sana gereji zetu ziige. Tarehe yao inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Lakini mwaka wenyewe mara nyingi hauandikwi kwa kalenda tunayoitumia sisi. Wajapani huhesabu pia kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989 ikaisha Aprili 2019, na ili kuupata mwaka wetu unachukua mwaka wa Heisei unajumlisha 1988. Kwa hiyo 19 ni 2007. Mkanda huo ulifungwa tarehe 11 Juni 2007. (Enzi iliyofuata inaitwa Reiwa, na yenyewe unajumlisha 2018. Mwenye gari jipya zaidi akikuta R3 ajue ni 2021.)

Hili si la kuniamini mimi tu. Weka kadi ya gari mezani mbele ya shemeji. Gari lilisajiliwa Tanzania 2011. Mwaka 2019 lilikuwa tayari liko huku miaka minane, na hakuna gereji ya Japani iliyokuja kulibandika stika Ifakara. Hesabu yake ya kutoa ni sahihi kabisa. Alichokosea ni mwaka tu, na mwaka huo wanaukosea wengi, hata wauzaji wa magari.

Sasa hiyo 44,600. Kama dashibodi inasema kweli, basi tangu katikati ya 2007 hadi leo gari limetembea hizo tu: miaka yake ya mwisho Japani, halafu miaka yote ya hapa kwetu, ikiwemo ya kufuata mpunga Malinyi. Gari la mfanyabiashara wa mpunga halitembei kilomita chache hivyo. Mimi siamini namba hiyo, na ukiifikiria vizuri hata wewe hutaiamini. Huenda mtu alizirudisha nyuma. Huenda dashibodi iliwahi kufa ikafungwa nyingine kutoka gari jingine. Huenda sensa ya spidi ilikatika na gari likaendeshwa miezi bila kuhesabu chochote. Sababu haijalishi sana sasa. La muhimu ni kwamba namba ambayo shemeji ameijengea hesabu yake haina msingi.

Tafuta kwenye faili la gari kama kuna karatasi ya Kijapani ya ruhusa ya kusafirisha gari nje. Karatasi hiyo huwa na kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wao, pamoja na tarehe. Ukikuta kwa mfano imeandika 128,000 mwaka 2010, utajua mwenyewe kama kilomita 15,000 zinatosha kwa miaka yote iliyofuata. Karatasi hii watu huitupa gari likishasajiliwa. Anayenunua gari la mkononi aiombe, na asipoipata asiichukulie dashibodi kama kitabu kitakatifu.

Hebu tuseme nimekosea, kilomita ni 44,600 kweli. Bado ningesema badilisheni. Mkanda wa taimingi ni mpira uliofumwa ndani yake kamba za nyuzi za kioo, na meno yake yamevikwa kitambaa. Mpira unazeeka hata gari likilala. Kila siku unapashwa joto na injini, unapoa usiku, unapashwa tena, na mwishowe unakakamaa. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari hawatoi kilomita peke yake, wanaweka na miaka, chochote kitakachotangulia. Kikomo changu mimi kwa gari la hapa kwetu ni miaka 7, na 10 ikizidi sana. Mkanda wa 2007 umeshaipita yote miwili zamani.

Utaniuliza, je kama muuzaji alisema kweli, kwamba ulibadilishwa huku huku baada ya ile stika? Inawezekana. Lakini hana risiti, hana fundi, hana tarehe wala kilomita. Kwa mkanda wa taimingi mimi nashika kanuni moja na sijawahi kuona sababu ya kuiacha: kazi isiyo na kumbukumbu naihesabu kuwa haikufanyika. Ningekuwa naizungumzia taa ya mbele au feni belti ningesema subirini muone. Kwa mkanda huu kusubiri muone maana yake ni kusubiri ukatike.

Sasa tuwajibu mafundi mmoja mmoja, kwa sababu wawili kati yao wanazungumza kwa nia njema na bado ushauri wao unaweza kuwagharimu injini.

Fundi wa taa ya T-BELT. Ni kweli Toyota nyingi za dizeli za wakati ule zina taa hiyo. Watu wengi wanadhani kuna kifaa kinachoupima mkanda na kuitaarifu dashibodi. Hakuna. Taa hiyo inafuata kilomita tu: kwenye gari la soko la Japani kama lenu, dashibodi ikifika laki moja inawaka, ikifika laki mbili inawaka tena. Haijui mkanda una miaka mingapi, haijui kama umelowa oili, wala haijui kama umebadilishwa au la. Angalia jinsi inavyolingana na stika yenu: Wajapani walibadilisha kwenye 98,400, kilomita chache kabla ya taa kuwaka. Taa inayofuata itawaka dashibodi ikisoma 200,000. Fundi anayewaambia msubiri taa anawaambia mtembee kilomita 57,000 zaidi na mkanda wa 2007, tena kwa dashibodi ambayo tumeshaona haiaminiki.

Kuizima nayo ni kazi ya dakika chache. Kwenye baadhi ya magari haya unatoa skrubu ndogo nyuma ya dashibodi na kuihamishia tundu la pili. Kwenye mengine kuna kitufe kidogo kilichofunikwa na kizibo cha mpira kwenye kioo cha saa ya dashibodi. Yeyote mwenye bisibisi anaweza kuizima bila kuugusa mkanda, na balbu inaweza kutolewa au kuungua bila mtu kujua. Taa ikiwaka, iheshimuni. Isipowaka, haijawaambia lolote.

Fundi wa pili, wa kufungua kava na kutazama. Huyu mruhusu afungue, kwa sababu kuna mambo ya kuyaona. Nyufa kwenye mashina ya meno, mgongo wa mkanda unaong’aa kama umepigwa polishi, kingo zinazotoa nyuzi, vumbi jeusi la mpira ndani ya kava, na zaidi ya yote unyevu wa oili. Oili inayovuja kwenye sili ya kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, inaulainisha mpira na kuumaliza mapema. Mwambie pia asome maandishi yaliyochapwa mgongoni mwa mkanda kama bado yapo. Jina la kampuni na namba ya spea vinaweza kusaidia kujua kama ni ule uliofungwa Japani au kuna mtu aliubadilisha huku.

Lakini jicho lina mwisho wake. Ukaguzi unaweza kuuhukumu mkanda, hauwezi kuuachia huru. Mikanda mingi, hasa ya mpira wa kisasa, haionyeshi nyufa kubwa kabla ya kufa. Kamba za ndani zinachoka bila kuonekana, au meno kadhaa yanang’oka kwa mpigo asubuhi unapowasha gari, wakati injini ni baridi na oili nzito. Kwa hiyo “haulii, hautoi moshi, gari linawaka vizuri”, yote hayo ni kweli kuhusu Surf yenu leo, na yatakuwa kweli hadi sekunde ile ya mwisho. Hapo ndipo mkanda huu unapotofautiana na kila kitu kingine ambacho shemeji amezoea. Breki zikiisha zinalia. Rejeta ikichoka geji ya joto inapanda. Beringi ya tairi inavuma wiki kadhaa kabla ya kuachia. Kanuni ya “usiguse kitu kizima” ni nzuri kwa vitu hivyo kwa sababu vinatoa taarifa. Mkanda wa taimingi hautoi.

Na ukikatika? Mkanda ndio unaolifanya kamshafti liende sawasawa na krenkshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni: krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, na kila valvu inafunguka na kufunga pistoni ikiwa mahali pake. Mkanda ukiachia, kamshafti inasimama hapo hapo ilipo na valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi, huku pistoni bado zinapanda kwa kasi ya gari. Kwenye injini za dizeli nafasi ya juu ya pistoni ni ndogo mno. Mgandamizo wa 1KZ-TE ni 21.2 kwa 1, maana yake hewa iliyojaa silinda nzima inabanwa hadi sehemu moja ya ishirini na moja. Hapo hakuna mahali pa valvu kujificha. Zinagongwa, zinapinda, na pistoni zinaweza kupata majeraha. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, lazima ishuke. Na wenye 1KZ wanazijua hedi zake: ni za aluminiamu, zina sifa ya kupasuka zikipata joto kali, na mtu anayeishusha kwa ajili ya valvu mara nyingi anakuta na nyufa ambazo hakuzijua. Hapo bei haiko tena karibu na ile 650,000. Gari la dada yako wa Dodoma, kwa jinsi ulivyolieleza, linafanana na hadithi hii.

Hilo ni upande wa pesa. Kuna upande unaonitia wasiwasi zaidi, nao ni barabara yenyewe. Morogoro hadi Songea ni zaidi ya kilomita 700. Mtapita hifadhi ya Mikumi, ambako hutaki kusimama na watoto jioni. Mtapanda Kitonga mkiwa mmejaza, na wakati wa kurudi mtaishuka ile Kitonga yenye kona na malori mbele na nyuma. Injini ikizima ghafla usukani unakuwa mzito. Breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo kanyagio linakuwa gumu kama ukuta. Dereva aliyezoea anaweza kulisimamisha. Shemeji ndiyo kwanza ana gari la kwanza. Watu sita, mmoja wao bibi, dada yangu, hapo mimi sipimi tena kilomita.

Tuje kwa fundi wa tatu. Hakukutafutia hela. Ushauri wake wa kubadilisha ni sahihi, ila orodha yake inahitaji kupunguzwa. Mwombe aiandike kitu kimoja kimoja na bei yake pembeni, na bei ya ufundi peke yake.

Mkanda wenyewe lazima. Tensheni na puli yake yenye beringi, lazima pia, maana vimefanya kazi muda ule ule na mkanda, na tensheni ikikwama mkanda mpya unaruka meno au unakatika kana kwamba hukuununua. Watu wengi wanabana pesa hapa na ndipo wanapojuta. Sili ya kamshafti badilisha ukiona dalili yoyote ya oili, na kwa umri wa gari hilo ningebadilisha tu, ni kitu cha bei ndogo. Lakini wata pampu, kwenye 1KZ, haizungushwi na mkanda wa taimingi. Inazungushwa na feni belti. Kuna injini ambazo wata pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi wenyewe, na huko ni busara kuibadilisha pamoja, na nadhani fundi wako alizoea hizo. Kwenu iangalieni: kama haivuji, haina mchezo kwenye shafti na hailii, iacheni. Feni belti zitatolewa vyovyote vile, kwa hiyo zikiwa na nyufa wekeni mpya.

Spea nendeni mkanunue wenyewe, pamoja na fundi au baada yake kukuandikia namba. Nunueni duka linalotoa risiti na linalokubali kurudishiwa kitu kisichooana. Kwa mikanda ya Japani, Bando na Mitsuboshi ni majina ya kuaminika, sawa na mkanda wa Toyota wenyewe, lakini majina hayo hayo ndiyo yanayoghushiwa. Tazama maandishi mgongoni, yawe safi na yasifutike kwa kidole, namba iliyo kwenye mkanda ilingane na ya kwenye boksi. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine matatu, ondoka. Na usikubali mkanda au tensheni iliyotolewa kwenye injini ya mtumba hata kama unaonekana mpya. Mkanda usikunjwe wala kupindwa ndani nje mkiwa mnaubeba, maana zile nyuzi za kioo zinavunjika ndani na huwezi kuona kwa nje.

Siku ya kazi mmoja wenu awepo. Si kwa kumchunga fundi, ni kwa sababu kuna mambo matatu unayotaka kuyaona kwa macho. La kwanza, kabla hajatoa mkanda wa zamani apange alama zote za taimingi, akuonyeshe. La pili, tensheni ya haidroliki ibanwe taratibu kwenye jiliwa na kufungwa kwa pini, isigongwe nyundo. La tatu ndilo kubwa: akishafunga mkanda mpya, kabla ya kugusa swichi, aizungushe injini kwa mkono, kwa spana, duara mbili kamili za krenkshafti, halafu alama zikaguliwe upya. Spana ikikutana na kitu kigumu asilazimishe, maana hiyo ni valvu imegusa pistoni, na kwa mkono bado hakuna kilichoharibika. Fundi anayesema hana haja ya kuzungusha kwa mkono, kwa upole mwambie asubiri, utafute mwingine.

Mchukue spea zote za zamani. Bandikeni stika yenu wenyewe kando ya ile ya Kijapani, kwa wino usiofutika: tarehe, kilomita, jina la mkanda, na “tensheni mpya”. Ya zamani msiing’oe. Kwa vumbi la huku, safari za shamba na foleni ambamo injini inazunguka bila kilomita kuhesabika, ningeandika mabadiliko yajayo baada ya kilomita 80,000 au miaka 7. Taa ya T-BELT mwachieni iwake ikifika muda wake, nyinyi mna hesabu yenu.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi, niongeze kidogo kwa wenye magari mengine. Kwanza jueni injini mliyonayo, msifuate jina la gari. IST, Vitz, Probox, Premio na Allion za injini za 1NZ au 1ZZ zinatumia mnyororo, hazina mkanda wa taimingi, na anayekuambia uubadilishe ama hajui ama ana maana ya feni belti. Mnyororo unataka oili safi kwa wakati. Noah za zamani na RAV4 za kwanza zenye 3S-FE zina mkanda, lakini ukikatika valvu hazifiki kwenye pistoni. Gari litakuacha njiani, mtavutwa, mtafunga mkanda mpya na litawaka. Forester na Impreza za injini za EJ, ambazo zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, zina mkanda mrefu sana, na kwenye nyingi mkanda ukikatika valvu na pistoni zinagongana vibaya, na wata pampu yake ndiyo ile inayozungushwa na mkanda. Wenye hizo wabadilishe vyote pamoja.

Kuhusu shemeji. Usimpelekee maneno yangu kama hukumu ya kumshinda. Alisoma stika, akatoa hesabu, akatunza pesa ya ada. Huyo ni mtu makini, alikosa taarifa moja tu. Mwonyeshe stika na kadi kwa pamoja, mwachie apige hesabu upya mwenyewe. Mwalimu akiona namba hazilingani hahitaji kubembelezwa.

Kwenye pesa, ukitoa wata pampu kwenye ile 650,000 mtabakiwa na kitu cha kuongezea ada. Viti vishonwe mwakani, kwa sasa tandikeni mashuka au hivyo vitenge vyako. Redio isubiri kabisa. Kazi ya mkanda ifanyike walau wiki mbili kabla ya tarehe 15, mlitumie gari hapo hapo mjini kwenda sokoni na shuleni, na kila asubuhi mtazame chini ya injini kama kuna tone la oili au maji. Wakati kava limefunguliwa mwambie fundi akague na rejeta, mifuniko na mipira ya maji, kwa ajili ya ile hedi na mlima Kitonga.

Na kama pesa au nafasi ya fundi haitapatikana kabla ya safari, msiondoke na Surf kwa kusema mtakwenda polepole. Mwendo wa polepole haupunguzi umri wa mkanda. Kateni tiketi za basi mapema, maana Desemba zinaisha, gari libaki Kihonda bila kuwashwa, na mlifanyie kazi mkirudi Januari.